Kujenga Nguvu za Mwili Ukiwa Baba wa Makamo Jijini Nairobi

Baba aliyevuka miaka 40 huambiwa kila mara kwamba akimbie ili apunguze kitambi. Ushauri huo una nia njema, lakini unaanzia mahali pasipofaa. Tangu miaka ya thelathini, mwili usiofanyishwa kazi nzito hupoteza misuli kidogo kidogo, na upungufu huo ndio unaomfanya mtu aumwe na kiuno anapombeba mtoto aliyesinzia, aheme kwenye ngazi za ghorofa ya nne lifti inapoharibika, na ashindwe kuinuka mkekani bila kushika kiti. Kwa hiyo anza na nguvu, kisha pumzi, na kitambi kitapungua pamoja navyo iwapo chakula nacho kitaangaliwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na pia aimarishe misuli yake mikubwa yote angalau siku 2 katika wiki hiyo. Sehemu hii ya pili ndiyo inayosahaulika, ilhali kwa mtu mwenye shughuli nyingi ndiyo iliyo rahisi kupangwa, kwa kuwa vipindi vitatu vya nusu saa vinatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza.

Kabla ya kuinua chochote, pima shinikizo la damu. Maduka mengi ya dawa mitaani yana kipimo hicho, ila usikubali kupimwa ukiwa umesimama wala ukiwa ndipo tu umeshuka kwenye matatu. Keti kwa dakika 5, uegemee kiti, nyayo zikiwa sakafuni, na mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo. Vipimo vikifika 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbili tofauti, muone daktari kwanza. Vivyo hivyo ikiwa unaugua kisukari, ikiwa kifua hukubana unapopanda ngazi, au ikiwa katika familia yenu kuna waliopata ugonjwa wa moyo wakiwa bado vijana.

Kuhusu muda, jioni ya Nairobi haitegemeki. Mvua ikinyesha saa kumi na moja, magari husimama Barabara ya Thika na ya Mombasa, nawe utafika nyumbani saa mbili usiku ukiwa umechoka, na watoto wanakungoja uwasaidie kazi ya shule. Alfajiri ni yako zaidi. Kama basi la shule huwachukua watoto saa kumi na mbili, amka saa kumi na moja kasorobo Jumanne na Alhamisi, na kipindi cha tatu kiwe Jumamosi. Panga siku hizo pamoja na mama watoto, naye atengewe muda wake ambao wewe utabaki na watoto bila kunung'unika. Ratiba ya mazoezi inayomlemea mwenzako haidumu nyumbani, na wala haifai kudumu.

Huhitaji kulipia jimu. Mtungi wa plastiki wa lita 20, ule wa manjano ambao karibu kila nyumba inao kwa sababu ya mgao wa maji, ukijazwa una uzito wa takriban kilo 21. Anza na lita 10. Uweke katikati ya nyayo zako, miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, na uzungushie kitambaa kwenye mshikio ili usikukate vidole. Sasa sukuma makalio nyuma, kama mtu anayefunga mlango kwa makalio kwa sababu mikono imejaa mizigo, ukiacha magoti yakunjike kidogo tu na mgongo ubaki umenyooka tangu kiunoni hadi shingoni. Shika kwa mikono yote miwili, kaza tumbo, kisha sukuma sakafu kwa nyayo hadi usimame wima. Toa pumzi unapoinuka, wala usiizuie, kwa maana kuzuia pumzi chini ya mzigo hupandisha shinikizo la damu ghafla. Maji yaliyo nusu mtungi yatayumba, na ukiyasikia yakigonga kwa kishindo, jua kwamba umeinua kwa kushtua, punguza kasi.

Fanya hivyo mara 8, upumzike dakika moja na nusu, kisha urudie raundi mbili zaidi. Kila wiki ongeza lita 1 tu, hata kama unahisi unaweza kuongeza 5. Misuli huzoea mzigo haraka, lakini kano zinazoishikilia kwenye mifupa huchukua muda mrefu zaidi, na wanaume wa umri wetu huumia hasa kwa kuisikiliza misuli na kuzisahau kano. Kwa mwendo huo, baada ya wiki 10 utakuwa unainua mtungi uliojaa.

Mazoezi mengine ya kipindi ni mepesi kueleza. Chuchumaa hadi makalio yaguse kiti, kisha simama bila kutumia mikono. Piga pushapu ukiegemea ukuta, baadaye ukingo wa meza imara, na mwishowe sakafuni. Inama ukiwa umeweka mkono mmoja kwenye kiti, na kwa mkono mwingine uvute mtungi mwepesi hadi ubavuni, kwani mtu anayeshinda mbele ya kompyuta au usukani ana mgongo wa juu uliolegea kuliko anavyodhani. Malizia kwa kutembea na mtungi kila mkono, mabega yakiwa nyuma, kwenye ujia wa ploti au uani. Misuli kuuma kesho yake ni kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo si kawaida, na yanakudai usimame.

Pumzi huijenga kwa kutembea. Shuka kwenye matatu steji mbili kabla ya yako, na utembee kwa kasi inayokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Mwishoni mwa wiki wapeleke watoto Msitu wa Karura au Arboretum, ambako kuna kivuli na hewa safi mbali na moshi wa magari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo aliyehamia karibuni kutoka Mombasa asishangae akihema mapema. Mpira wa Jumapili na wazee wenzako uache kwa miezi mitatu ya kwanza. Najua hilo linauma, lakini kukimbia kwa ghafla ukiwa na miguu iliyokaa kitini wiki nzima ndiko kunakokata kano ya kisigino, na jeraha hilo huweza kukuweka nje kwa miezi mingi.

Katika chakula, usianze kwa kufukuza ugali. Anza kwa kuongeza protini, maana misuli haijengwi kwa wanga. Mtu wa kilo 80 anayefanya mazoezi haya anahitaji karibu gramu 96 kwa siku, yaani gramu 1.2 kwa kila kilo, isipokuwa kama daktari amemwekea kikomo kwa sababu ya figo. Yai moja lina gramu 6, glasi ya maziwa gramu 8, na kikombe cha maharagwe yaliyopikwa kama gramu 15. Omena, ndengu na githeri yenye maharagwe mengi huziba pengo kwa bei nafuu kuliko unga wa protini wa madukani. Ukishaongeza hivyo, punguza tonge na sukari ya chai. Usiku lala angalau saa 7, hata kama itabidi uache kutazama mechi ya pili.

Ukiugua, au ukisafiri kwenda ushago kwa wiki mbili, usijaribu kulipa vipindi ulivyokosa. Rudi na nusu ya maji uliyokuwa ukiinua, ufanye vipindi viwili kwa uzito huo, kisha uongeze lita 2 kila kipindi hadi ufike ulipokuwa.