Kufunga antena ya GPS kwenye boti ya faiba, na kuikinga na chumvi

Kazi yangu ni umeme wa boti, hapa Shangani, Mtwara. Nikiletewa GPS "mbovu", mara nyingi nakuta kifaa chenyewe ni kizima. Kilichokufa ni waya, au konekta, au antena imefungwa mahali ambapo haioni mbingu. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye hayo. Mambo ya kubonyeza menyu utayakuta kwenye kitabu chake.

Nazungumzia antena ya nje, ile kofia nyeupe ya plastiki inayopokea mawimbi ya setilaiti na kuipa skrini ya nahodha taarifa za mahali boti ilipo. Vijana wananiambia, "Fundi, simu inatosha." Simu inasaidia, sikatai. Lakini inalowa, inaisha chaji, na haiwezi kuiambia redio ya VHF uko wapi siku utakapobonyeza kile kitufe chekundu cha dharura. Redio yenye DSC, yaani ile inayotuma mwito wa dharura kidijitali, isipounganishwa na GPS inaita msaada bila kusema mahali, labda uwe umepaingiza kwa mkono, na boti ikiwa inazama nani ana nafasi hiyo?

Tuanze na mahali pa kuifunga. Setilaiti za GPS ziko kama kilomita 20,200 juu, na mawimbi yanayotufikia ni dhaifu mno. Antena inahitaji kuona setilaiti 4 kwa uchache ili ikokotoe mahali kamili; ikiziona kumi na kitu, zilizotawanyika kila upande, ndipo inatulia. Mawimbi hayo yanapita kwenye faiba na turubai, hayapiti kwenye bati, alumini wala mwili wa mtu. Kama kibanda chako kimeezekwa bati, antena ikae juu ya bati. Na ikae mahali ambapo hakuna baharia atakayeegemea wala kuitupia wavu.

Nahodha wengi wanataka ipandishwe kileleni kabisa, kwa sababu wameona antena ya VHF ikipelekwa juu. VHF inatafuta upeo wa macho, ndiyo maana inapanda. GPS inatazama juu, haina cha kutafuta kileleni. Tena kule inaharibu: mlingoti wa mita 6, boti ikilala nyuzi 15 upande huu na nyuzi 15 upande ule, kichwa cha mlingoti kinatembea zaidi ya mita 3 wakati chombo chenyewe hakijasogea. Antena inaona mwendo huo wote. Ukitega samaki umesimama na kusi inavuma, skrini itakuambia unakwenda, mara kaskazini, mara mashariki. Ifunge chini, palipo wazi: juu ya paa la kibanda au kwenye bomba fupi la tezi.

Iwe mbali na antena ya VHF, angalau mita moja, na isiwe usawa ambao rada inapiga, kama una rada. Halafu kuna adui wetu wa huku: taa za dagaa. Zile taa za LED za bei rahisi zina saketi ndani inayomwaga kelele za redio. Mwaka 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kwamba taa za LED zinaweza kuvuruga VHF na AIS (mfumo wa vyombo kujitambulisha kwa redio), na chaja za simu za bei chee nazo sizikingii kifua. Kabla hujatoboa tundu lolote, ishike antena kwa tepu mahali unapopataka, washa kila kitu usiku ukiwa gatini, fungua ukurasa wa setilaiti, kisha zima taa moja moja. Ukiona vile vipau vya nguvu vinaruka juu mara tu taa fulani ikizimwa, umempata mchawi. Sogeza antena, au badilisha taa.

Ukisharidhika, toboa. Bandika tepu ya karatasi juu ya faiba ili isimeguke, anza na keekee ndogo, malizia na kubwa. Kama paa lina mbao katikati ya faiba mbili, paka epoksi ukutani mwa tundu usubiri ikauke, la sivyo maji yataingia kwenye mbao na baada ya misimu michache paa litakuwa linabonyea. Boliti ziwe za stenlesi. Gundi iwe ya baharini, ya poliyurethani. Ile silikoni inayonuka siki iache dukani, asidi yake inakula chuma na shaba. Antena nyingi zinakaa kwenye kitako cha uzi wa inchi moja, nyuzi 14 kwa inchi, na hicho kitako kinapatikana hata kama cha asili kimevunjika. Kaza kwa mkono tu. Spana inapasua plastiki, na ufa ule huuoni mpaka maji yameshaingia.

Sasa waya, na hapa naomba usinikimbie. Chumvi haili waya kwa nje, inaingia kwenye ncha iliyo wazi na kupanda ndani ya mpira, kama utambi unavyonyonya mafuta. Ukiuchuna waya wa shaba tupu uliokaa baharini mwaka mmoja, unakuta shaba nyeusi, au unga wa kijani, nusu mita kutoka kwenye kiungo. Mita inaonyesha volti 12, lakini kifaa kikianza kuvuta umeme volti zinashuka na kinazima. Nunua waya uliopakwa bati, ule ambao ukiukata ndani unang'aa kama fedha badala ya wekundu. Unauzwa ghali, na huku Mtwara mara nyingi inabidi uagizwe Dar es Salaam. Agiza.

Kuunga kwa kusokota na kuzungushia tepu nyeusi ya nyumbani, hapana. Tumia viungo vya kubana, juu yake mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Uuchome mpaka gundi itokeze pande zote mbili, isipotokeza, hujaziba. Juu yake zungusha tepu ya mpira inayojishika yenyewe. Waya unapoingia ndani ya kibanda, uache ushuke kwanza chini ya tundu, kisha upande kuingia. Maji yatafuata waya mpaka kwenye ule mkunjo na kudondoka hapo. Jambo dogo, na nusu ya skrini zilizolowa ninazofungua zimelowa kwa kukosa huo mkunjo.

Umeme uchukue kwenye betri kupitia fyuzi, na fyuzi ikae karibu na betri, si kule kwenye skrini. Antena peke yake inakula kidogo, chini ya nusu ampea. Kitabu kitakuambia fyuzi ya ngapi, mara nyingi ni ya ampea 1 au 2. Kama boti ina betri moja tu, washa injini kwanza, GPS baadaye. Staata ikivuta, volti zinaanguka, na kifaa kinajizima na kuwaka upya kila mara.

Kuna njia mbili za antena kuongea na vifaa vingine. Zote zinaitwa NMEA, ndiyo lugha ya vifaa vya baharini. Ya zamani ni NMEA 0183, waya mbili tatu, kwa kawaida kwa kasi ya biti 4800 kwa sekunde: waya wa kutoa wa antena unaingia kwenye waya wa kupokea wa redio. Usifuate rangi, kila mtengenezaji ana rangi zake, fuata mchoro. Mpya ni NMEA 2000, yenye kebo kuu moja na matawi, kila tawi lisizidi mita 6, na kila ncha ya kebo kuu ina rezista ya omu 120. Hii ina kipimo kimoja kitamu. Zima umeme, pima kati ya waya mbili za data. Ukipata omu 60 hivi, mtandao ni mzima. Ukipata 120, rezista moja haipo au imekatika. Ukipata 40, kuna mtu kaongeza ya tatu.

Kuwasha mara ya kwanza kunataka subira. Peleka boti palipo wazi, washa, uache. Orodha kamili ya setilaiti inachukua dakika 12 na nusu kupakuliwa, kwa hiyo usianze kufungua boliti dakika ya tatu. Boti ikiwa imefungwa gatini, kidoti kitazurura mita chache. Hiyo ni kawaida, hakuna cha kutengeneza.

Halafu mipangilio miwili ambayo ndiyo inayowapoteza watu. Wa kwanza ni mfumo wa ramani: weka WGS84, ndio wa GPS yenyewe. Ramani za zamani za Tanzania zilichorwa kwa Arc 1960, na tofauti ya mifumo hiyo miwili kwetu ni zaidi ya mita 200. Wa pili ni namna ya kuandika namba. Ukipewa nukta ya mahali 10°16.50' kusini (dakika 16 na nusu), ukaiingiza kama 10°16'50" (dakika 16 na sekunde 50), umekosea theluthi moja ya maili ya bahari, zaidi ya mita 600. Kwa mwamba wa changu, hupati samaki. Kwa anayevua kusini ya Msimbati, karibu na mdomo wa Ruvuma, mita 600 zinaweza kukuweka upande wa Msumbiji ukijiona bado uko kwetu, na askari wa doria hana haja ya kusikia habari za nukta na sekunde. Mkiwa mnapeana nukta na nahodha mwenzio, ulizaneni kwanza imeandikwa vipi.

Utunzaji ni mwepisi, tatizo watu hawaufanyi. Ukirudi, mwagia antena maji baridi ya bomba, futa kwa kitambaa laini. Sabuni ya kawaida inatosha. Petroli na tina usipeleke hapo, zinaipasua plastiki. Boti ikipandishwa kupakwa rangi, ifunike antena kwa mfuko. Nimeona mpaka rangi ya shaba ya chini ya boti imepakwa juu ya kofia ili "ifanane". Rangi yenye madini ndani inaziba mawimbi.

Kila baada ya miezi michache, fungua konekta na uzitazame pini zake. Kijani ni chumvi: safisha kwa dawa ya kupulizia ya umeme na mswaki laini, acha ikauke, paka grisi ya silikoni ya umeme kidogo kwenye mpira wa kuzibia, funga. Mafuta ya kula na grisi ya propela si mbadala. Kisha tikisa waya huku mwenzio anaangalia skrini. Ikipepesa, umejua pa kuanzia. Ikiwa kila asubuhi inachukua muda mrefu kupata mahali, hata usipoihamisha boti, huenda kibetri kidogo cha ndani kimechoka. Itaendelea kufanya kazi, ila itaanza upya kila siku.

Mwisho ni mtumba, maana wengi ndio tunanunua. Kabla hujatoa hela, iwashe nje na usome tarehe. GPS inahesabu wiki mpaka 1024 kisha inaanza sifuri, na mara ya mwisho ilirudi sifuri tarehe 6 Aprili 2019. Vifaa vya zamani ambavyo programu yake haijasasishwa vinaonyesha tarehe ya nyuma kwa miaka karibu 20. Mahali vinaweza kupata sawasawa, ndiyo maana muuzaji atakuapia ni kizima. Ila jedwali la maji kujaa na kupwa lililomo ndani linakokotolewa kwa tarehe, kwa hiyo litakuambia bamvua siku ya maji mafu. Muulize kama programu mpya ipo na kama anaweza kuiweka mbele yako. Akisema utaweka mwenyewe, punguza bei au mwachie.