Feni ama maji? Angalia haya kabla hujatoa pesa

Kama unajenga kompyuta hapa Nairobi, usianze kwa kuchagua kipoza, yaani kifaa cha kupoza prosesa, kiwe cha feni ama cha maji, anza na prosesa yenyewe, ile chipu kuu inayofanya kazi. Prosesa ya Ryzen 5 7600 imewekewa wati 65 na hiyo hata feni ya bei nafuu inaimudu, lakini Core i9-14900K inaweza kufika wati 253, na kama kazi yako ni kurenda video (kompyuta kutengeneza video ya mwisho) saa nzima hapo ndio kipoza cha maji chenye redieta ya milimita 360 kinaanza kuwa na maana. Wengi wanaoniuliza wako kwa ile ya kwanza na bado wanataka maji. Ukitaka kwa sababu inapendeza ni sawa kabisa, ila ujue pesa inaenda kwa urembo.

Maji yenyewe hayamalizi joto, yanalibeba tu kutoka kwa prosesa mpaka kwa redieta, na pale bado ni feni na hewa ya chumba inalitoa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hivyo feni ikizunguka kasi ileile inatoa joto pungufu kidogo kuliko ingetoa pwani, na hiyo inagusa vipoza vya feni na vya maji pia. Bahati nzuri chumba chetu mara nyingi kina baridi kuliko cha huko.

Halafu chukua rula upime kasha, kutoka kwa madabodi (ubao mkuu ambapo prosesa inakaa) hadi kifuniko cha upande. Kipoza cha feni cha Noctua NH-D15 kina urefu wa milimita 165, Peerless Assassin 120 SE ni 155, na makasha mengi madogo hayafiki hapo. Redieta nayo na feni zake inakula kama milimita 52 za unene. Kama mashine ni Dell ya mtumba kutoka Uingereza, angalia plagi ya feni na matundu ya skrubu kwanza, nyingi si za kawaida.

Vumbi sasa, hapa ndio watu wanaumia, hasa ukiishi Utawala ama Ruai karibu na barabara ya mchanga. Fungua kifuniko umulike tochi katikati ya feni na mapezi ya alumini, utaona vumbi limejishona pale kama blanketi, na kwa redieta huwezi kulifikia vizuri mpaka ufungue feni. Zima mashine, shika panga za feni kwa kidole zisizunguke, ndio upige bloa.

Uliza pia kipoza kikiharibika itakuwaje. Feni ikifa unashuka Luthuli ama Moi Avenue unapata ingine siku hiyohiyo, na chuma cha kipoza bado kinabeba joto kiasi. Kwa kile cha maji, pampu inayosukuma maji ikifa joto la prosesa linapanda haraka hadi prosesa ijipunguze kasi ama kompyuta izime, na vipoza vingi vya maji vimefungwa kiwandani, hakuna fundi wa kubadilisha pampu peke yake, unanunua kizima. Kwa hivyo muulize muuzaji waranti ni miaka mingapi na nani analipa usafiri ikibidi kirudishwe nje, akuandikie kwa risiti. Ukifunga kipoza cha maji, hakikisha pampu si kitu cha juu kuliko vyote, hewa hukusanyika juu.

Na kama mashine itapanda boda kutoka tao hadi Rongai ikiwa na kipoza cha feni kikubwa, kile cha kilo moja na zaidi, kitoe kabisa, ama ulaze kasha madabodi ikiangalia juu.