Risasi moja kwenye begi la kuazima: kabla hujaenda Turks and Caicos soma hii

Ndugu zangu mnaoishi Marekani, hasa nyie wa Texas, Georgia, Florida na huko kote ambako bunduki ni kitu cha kawaida, kama mmepanga likizo ya visiwani naomba msome hii kabla hamjafunga mabegi. Naongelea Turks and Caicos, vile visiwa vidogo vya Mwingereza kusini mashariki mwa Bahamas, hela yao ni dola hii hii, watu wanaenda kufungia harusi, wengine wanafika na meli za kitalii pale Grand Turk. Pazuri sana, sina ubishi. Ila ni mahali ambapo risasi moja, sio bunduki jamani, RISASI MOJA, iliyojificha kwenye begi lako inakupandisha kizimbani kwa kosa ambalo kifungo chake cha kuanzia ni miaka 12. Narudia, miaka 12, na haijalishi kama bunduki yenyewe umeiacha Dallas.

Lilinikuta. Begi halikuwa langu, lilikuwa la shemeji yangu, kaka wa mke wangu, yeye anapenda kwenda kuwinda nguruwe pori na wenzake wa kazini. Alitupa kwa moyo mmoja kabisa, akasema ni safi, na mke wangu akalikung'uta na kulifuta ndani kabla ya kupanga nguo. Risasi ilikuwa imepenya kwenye tundu la bitana kule mfuko wa pembeni, ukipitisha mkono huisikii. Tukaondoka Marekani, begi likapita kwenye mashine, hakuna aliyesema kitu. Tukashuka Providenciales, kisiwa chenye uwanja wao mkuu wa ndege, hakuna aliyesema kitu. Tukamaliza likizo. Siku ya kurudi, tiketi mkononi, mtoto ameshaanza kuulizia chips za kwenye ndege, begi likasimamishwa, wakalirudisha kwenye mashine mara ya pili, na askari akaja kuniuliza hili begi ni la nani.

Sasa hapo ndipo mtego ulipo na naomba mnielewe vizuri. Watu wengi wanadhani hatari ni wakati wa kuingia. Hapana, hatari kubwa ni wakati wa kutoka, kwa sababu ukaguzi mkali wa mizigo ni ule wa kupanda ndege au kurudi kwenye meli. Kupita salama kule ulikotoka sio ushahidi wa kitu chochote. Mwaka 2024 peke yake walikamatwa Wamarekani kadhaa kwa mtindo huu huu, baba mmoja wa Oklahoma alikuwa na risasi 4 tu, wa Pennsylvania alikuwa na 20 za kuwindia, kijana wa Virginia aliyekuwa kwenye meli alikuwa na 2. Na kwa huyu wa Oklahoma wakaguzi wa Marekani wenyewe walikiri kwamba risasi ziliwapita pale alipoondokea. Unaona? Walikiri, na yeye bado alibaki kule wiki na wiki akisubiri kesi. Kwa hiyo ile sentensi ya "lakini nilishakaguliwa Houston" weka pembeni, haikufikishi popote.

Sheria yenyewe niieleze kidogo maana nimeisoma mpaka nikaota nayo. Mgeni haruhusiwi kuwa na silaha wala risasi bila ruhusa ya maandishi ya Kamishna wa Polisi aliyoipata kabla. Adhabu ya chini ni hiyo miaka 12, isipokuwa mahakama ikubali kwamba kuna mazingira ya kipekee. Zamani hata jaji akikubali mazingira ya kipekee bado alilazimika kukupa kifungo cha aina fulani pamoja na faini. Juni 2024, baada ya kelele za maseneta na magavana wa Marekani, sheria ikarekebishwa, sasa jaji anaweza kuchagua kifungo, au faini, au vyote viwili, kwa kadiri anavyoona ni haki. Yule wa Oklahoma akapewa kifungo cha nje cha wiki 13 na faini ya dola 2,000. Watu wakasoma hizo habari wakasema aah kumbe ni faini tu. Sio faini tu! Mazingira ya kipekee ni kitu unachotakiwa KUKITHIBITISHA wewe na wakili wako, hakuna anayekupa bure, na wakati unakithibitisha hiyo miaka 12 iko juu ya kichwa chako kila usiku unapolala.

Hatua za kawaida ni hizi, kuzisoma kutawachukua dakika moja: unawekwa mahabusu, unasomewa shitaka, wakili anaomba dhamana, paspoti inashikiliwa, unaripoti polisi kwa siku ulizopangiwa, unasubiri. Wakili awe wa pale pale visiwani, wa Dallas hana kibali cha kusimama mahakama ile hata awe bingwa vipi. Usidanganye pale eapoti, sema begi ni la nani, sema unaomba wakili, basi nyamaza. Na jiandae kifedha maana Provo, ndivyo wanavyopaita Providenciales, karibu kila kitu kinaletwa kwa meli na bei ni za watalii, chumba cha kawaida cha kupanga kinakula akiba ya mwaka.

Kilichonitesa kuliko mahabusu ni karatasi. Mahakama inataka kujua risasi ni ya nani na ilifikaje pale, kwa hiyo nilihitaji hati ya kiapo ya shemeji, leseni yake ya uwindaji, risiti, picha za lile tundu la bitana. Shemeji akaingia hofu. Akaanza kuuliza je na mimi nikisaini wakinifuata? Kazi yangu je? Ngoja nimuulize mtu. Siku zinakatika, mke wangu analia kwenye simu na kaka yake, mama mkwe yuko Moshi anasema msigombane watoto wangu. Mwishowe alisaini, Mungu ambariki, tena alisaini kwa ukweli bila kupunguza neno, na ile karatasi ndiyo iliyonibeba mbele ya jaji nikapata faini na kifungo cha nje. Lakini fikiria angekataa. Kwa hiyo mashemeji, makaka, mabinamu wa huku, nawaomba kwa upendo: ukimwazima mtu begi lililowahi kwenda porini au kwenye shabaha, ujue umemwazima na kesi. Usiseme "hamna kitu humo" kama hujageuza bitana nje. Bora umnunulie mwenzio begi jipya la dola 40.

Na nyie wa nyumbani nina maneno na nyie pia, msinikasirikie. Nilipokuwa kule grupu la familia liliwaka moto. Mjomba akashauri nimpe askari kitu kidogo tuyamalize. Mjomba wangu nakuheshimu, lakini ningefungua pochi pale ningekuwa na makosa mawili badala ya moja, na hilo la pili halina mazingira ya kipekee. Shangazi akasema niseme sijui Kiingereza. Binamu akaweka picha yangu na kisa chote Facebook, eti watu waniombee. Mtu akikamatwa ugenini msiweke kitu chochote mtandaoni mpaka wakili aseme, maombi yanafika hata bila picha. Na kuna wazee wanaotuagiza tuwaletee risasi za shotgani kwa sababu huku ni rahisi. Jamani mnajua kabisa hapo Tanzania silaha inavyopatikana, unaanzia serikali ya mtaa, unapita kamati ya usalama ya wilaya, polisi wanakuchunguza mpaka jirani zako. Kenya nao wana bodi yao ya leseni. Mnajua hayo yote halafu mnamwambia kijana aweke risasi kwenye begi aunganishe ndege Doha au Dubai? Hapana. Hapana kabisa.

Tatizo ni kwamba Marekani inatuzoesha vibaya, hili nalisema nikiishi hapa na nikiipenda. Texas tangu Septemba 2021 mtu wa miaka 21 anayeruhusiwa kumiliki bastola anaweza kutembea nayo bila kibali. Risasi unazikuta zinauzwa duka lile lile la maziwa na nepi. Kwenye gari la mwenzako unakuta imedondoka chini ya kiti, anaiokota anaitupia kwenye droo na maongezi yanaendelea. Mwaka 2023 wakaguzi wa TSA, wale wanaokagua abiria viwanja vya ndege vya Marekani, walikuta bunduki 6,737 kwenye mikoba ya abiria, na zaidi ya 9 katika kila 10 zilikuwa na risasi ndani, na wengi wakasema walisahau. Mtu anasahau bunduki! Sisi tuliokulia sehemu ambayo mlio wa risasi unamaanisha mtu ameuawa, baada ya miaka kumi ya huku ile hofu inakauka, na mimi naona ile hofu ilikuwa ni hekima.

Wale wa visiwani bado wanayo. Nilikuwa na hasira nao mwanzoni, sasa sina. Ni visiwa vya watu wachache, hawafiki hata 60,000, hawana kiwanda cha silaha, kila bunduki iliyoua mtoto wa mtu pale imeletwa kwa maji au kwa ndege kutoka nje, nyingi zikianzia Marekani. Haiti iko jirani kabisa, ile Haiti ambayo ndugu zetu polisi wa Kenya walipelekwa Juni 2024 kupambana na magenge yanayotumia bunduki zilizopitia Florida. Mama mmoja aliyekuwa ananiuzia chakula aliniambia mtoto wa dada yake alipigwa risasi mtaani kwao, akanihudumia bila chuki, akaniuliza tu, kwa nini nyie mnakuja nazo huku? Nilimjibu ukweli wote, kuhusu begi na shemeji, na alinisikiliza mpaka mwisho. Watu wanaosema eti visiwa vinawakamata watalii kutafuta hela hawajakaa pale wakaona misiba.

Sasa la muhimu zaidi kwa sisi ambao bado tuna green card, kile kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani, na hili silioni likisemwa. Wale Wamarekani walipokamatwa mwaka 2024 wabunge na seneta walipanda ndege wakaenda mpaka kule kuongea na gavana wa visiwa. Wewe hakuna atakayepanda ndege. Ubalozi wa Marekani unaohudumia visiwa hivyo uko Nassau, Bahamas, na unahudumia raia wake, green card sio uraia. Ubalozi wa nchi yako nao uko mbali, kisiwani hapo hamna. Uko peke yako na wakili unayemlipa. Halafu kuna saa ya pili inayokimbia: ukikaa nje ya Marekani zaidi ya mwaka bila kibali cha kurudi ulichoomba mapema, green card yenyewe inaingia matatani, kwa hiyo kesi ikivutwavutwa inaweza kukuharibia hata usipofungwa siku moja. Kwa wenye viza ya matembezi au ya shule ni kali zaidi, sheria ya Marekani yenyewe kwa kawaida haiwaruhusu kumiliki bunduki WALA risasi, isipokuwa kwa mambo machache kama leseni ya uwindaji, kwa hiyo ukileta mdogo wako kutoka Arusha kutembea usimpe risasi hata ya ukumbusho. Na ganda tupu la kutundikia funguo pia acha, sitaki uanze kumwelezea askari tofauti yake.

Kabla ya safari fanya hivi. Tumia begi ambalo halijawahi kukaribiana na silaha, jipya ikiwezekana. Kama ni la zamani, ligeuze nje ndani, zipu zote, bitana yote, chini ya lile bodi gumu la kitako, kama kuna mshono umefumuka ingiza vidole mpaka mwisho. Makoti ya kuwindia, suruali zenye mifuko mingi, mkoba wa nepi uliokuwa kwenye gari la baba, kiti cha mtoto, vyote hivyo. Ukipata risasi ukiwa bado nyumbani ni sawa. Ukiiona ukiwa tayari kule kisiwani usiitupe chooni wala baharini wala usijifanye hujaiona, mpigie wakili kwanza kabla hujafanya lolote. Na sio Turks and Caicos peke yake, Cayman na Bermuda nako ni kwa Mwingereza na hawana mchezo na silaha.

Kwa yule ambaye imeshamkuta: nakala za hukumu zitunze zote, zilizogongwa mhuri, maana fomu ya uraia N-400 inauliza kama umewahi kukamatwa popote duniani, na jibu ni ndiyo hata kama uliishia kwenye faini. Mtafute wakili wa uhamiaji kabla hujajaza hiyo fomu, na kabla hujatoka tena nje ya Marekani.