Namna ya Kulisoma Kanisa la Kijijini la Kigothi Mamboleo

Kanisa la Kigothi mamboleo ni lile lililojengwa karne ya 19 kwa kuiga Kigothi, mtindo wa ujenzi wa Zama za Kati wenye matao yaliyochongoka. Kabla ya kutazama tao hata moja, tafuta kwanza nani aliyelijenga kanisa na kwa sababu gani. Katika karne ya 19, makanisa mengi ya vijijini nchini Uingereza yaligharimiwa na familia moja tajiri, na nia ya familia hiyo huonekana hadi kwenye nakshi ndogo. Mfano bora ni Kanisa la Kristo Mfariji lililopo Skelton-on-Ure, North Yorkshire, ndani ya viwanja vya jumba la Newby Hall. Lady Mary Vyner alilijenga kumkumbuka mwanawe Frederick, aliyetekwa na majambazi nchini Ugiriki mwaka 1870, akauawa baada ya juhudi za kumkomboa kushindikana. Ujenzi ulianza mwaka 1871, na kanisa likawekwa wakfu mwaka 1876. Bila kuyajua hayo, hata jina la kanisa halitakueleza kitu.

Ukishafika, lizunguke jengo lote kwa nje. Angalia matao yaliyochongoka: tao la namna hiyo huelekeza uzito wa dari chini zaidi kuliko tao la nusu duara, na msukumo unaobaki hupokewa na mihimili ya mawe inayoegemea ukuta kwa nje. Ndiyo maana ukuta uliweza kutobolewa madirisha makubwa. Kisha chunguza umri. Kanisa la Kigothi la Zama za Kati kwa kawaida lina viraka: dirisha la karne hii, mnara wa karne ile, mawe yasiyolingana. La Kigothi mamboleo huwa limebuniwa lote kwa pamoja, mara nyingi na mtu mmoja, na mawe yake yamekatwa kwa usawa. Kule Skelton mbunifu alikuwa William Burges, aliyeipenda mno sanaa ya Ufaransa ya karne ya 13, na ambaye wakati huohuo alikuwa akijenga kanisa kuu la St Fin Barre mjini Cork, Ayalandi.

Ndani usiharakishe, simama kwanza nyuma, upande wa magharibi, hadi macho yazoee mwanga wa vioo vya rangi, ndipo uinue uso utazame juu ya tao linalotenga ukumbi wa waumini na sehemu ya madhabahu. Hapo imechongwa sanamu ya Kristo akipaa mbinguni. Kwa maoni yangu hicho ndicho kiini cha jengo zima, kwa sababu mama aliyefiwa aliweka mbele ya macho yake, kila alipokuja kusali, tukio linaloahidi kwamba kifo si mwisho.

Ukipata nafasi, nenda pia Studley Royal, karibu na mji wa Ripon, ambako dada yake Frederick na mumewe, Marquess (cheo cha juu cha ukabaila) wa Ripon, walimpa Burges kazi ya kanisa la pili la kumbukumbu, lililojengwa kati ya 1871 na 1878. Chukua daftari ulinganishe. Mnara wa Skelton uko upande wa kaskazini, ilhali wa Studley uko magharibi. Katika sehemu ya madhabahu ya Studley, nakshi za mawe za madirisha zimewekwa tabaka mbili, moja mbele ya nyingine, na dari lake limepakwa rangi na dhahabu kwa wingi usioonekana Skelton. Chora matao ya makanisa yote mawili kwa mkono wako mwenyewe, kwa kuwa mkono huona tofauti ambazo kamera huzipita.