Soseji ndani ya skonzi: namna ya Thuringia na Nürnberg kwenye jiko la mkaa

Kule Thuringia na Nürnberg, Ujerumani, soseji ya kuchoma ya mtaani huliwa watu wamesimama, bila sahani. Mkate ni wa kushikia tu: mdogo, mkavu kwa nje, hauna sukari. Skonzi zetu za Arusha ni laini na tamu, zikipata mafuta zinalowa na kukatika hujafika hata nusu. Chukua za jana, zipasue ubavuni bila kuzitenganisha, kisha banika upande wa ndani sekunde 30 hivi, mpaka ubadilike rangi.

Soseji mbichi zilizoganda ziyeyushe kwenye friji usiku kucha. Zikienda motoni na barafu yake, ngozi inaungua na katikati panabaki pabichi. Zile nene zitie kwanza dakika 10 kwenye maji ya moto yasiyotokota (yakitokota zinapasuka), kisha zifute zikauke.

Mkaa uache uvae majivu meupe, uusogeze upande mmoja wa jiko ili moto ukiruka upate pa kuzihamishia. Geuza kwa koleo kila dakika. Kwa zilizopita majini, dakika 5 zinatosha. Usitoboe kwa uma! Mafuta yanadondokea mkaa, moto unaruka, unaishia na soseji kavu yenye masizi. Thuringia moto ukiruka hunyunyizia bia. Matone ya maji yanafanya kazi ileile, na bia mnakunywa. Kama hamli kitimoto, soseji za ng'ombe zinafaa, ila zile zisizo na mafuta mengi zipake mafuta kidogo.

Ya Thuringia ina sentimita 15 au zaidi, inaingia moja na kuchungulia pande zote mbili za mkate. Ya Nürnberg ni sentimita 7 hadi 9, gramu 20 hadi 25, kwa hiyo zinapangwa tatu. Kwa skonzi na soseji ndogo za pakiti, fuata Nürnberg. Kote huko kinachopakwa ni haradali. Tomato sosi waachie watoto. Soseji nyeupe ya München haihusiki hapa: haichomwi, huchovywa kwenye haradali tamu, na ngozi yake hailiwi.

Kachumbari ni yetu, si yao. Ukiitaka, toa mbegu za nyanya, kamua kitunguu kwa chumvi, na uiweke mwisho kabisa, skonzi ikiwa tayari mkononi mwa mlaji.