Setilaiti ndogo kutoka visiwani: panga safari yake kuanzia mwisho

Jamani mie kazi yangu kuklia mizigo, yaani kuitoa forodhani, hapa Unguja bandarini Malindi na eapoti, na juzi vijana wanaotengeneza setilaiti ndogo walinambia wanashindwa waanzie wapi na usafiri, nkaona niandike hapa wengine nao wafaidike.

Hatua ya 1: shika tarehe ya kuwakabidhi setilaiti wanaoirusha, sio ya kurusha. Watu wanazichanganya sana hizi. Ile setilaiti ndogo ya Kenya, 1KUNS-PF, iliachiwa angani tarehe 11 Mei 2018 lakini Wajapani walioiachia walikuwa washakabidhiwa miezi kabla. Ukishaijua siku hiyo rudi nayo nyuma, ndege siku ngapi, forodha siku ngapi, boti, kufunga, kupima, na kila pahala ongeza siku za akiba. Hapa kwetu Tunguu kulikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vyao vya angani vya Mercury, mwanaanga wao John Glenn alipozunguka dunia tarehe 20 Februari 1962 mitambo ilikuwa ishafungwa zamani inamngoja, maana chombo kikishapaa hakisubiri kontena lako litoke bandarini.

Hatua ya 2: betri. Kyubu yenyewe, yaani hiyo setilaiti ndogo ya umbo la boksi, ni sentimita 10 kila upande, inaingia hata kwenye begi, ila betri za lithiamu zikisafiri peke yake ndege ya abiria haichukui kabisa, na ndege ya mizigo inataka chaji isizidi asilimia 30. Zikiwa ndani ya kifaa masharti ni mengine, kwa hiyo mwambie ejenti mapema, usingoje siku ya kupeleka boksi.

Hatua ya 3, na hii naomba muisome vizuri: unyevu. Niliwahi kupokea boksi la vifaa vya antena kutoka Mkoani, Pemba, mwezi wa 7, kusi limechachamaa, boksi liliwekwa juu ya sitaha. Nilipolifungua zile punje za silika za buluu, zinazonyonya unyevu, zote zishakuwa pinki na kwenye pini za waya kuna kutu ya kijani nyembamba kama ukungu. Iliniuma sana, kazi ya watu ya miezi. Sasa nafunga mifuko miwili isiyopitisha hewa, silika mpya, na boksi linakaa ndani na mtu wake pembeni.

Hatua ya 4: vifaa vya kupimia vitakavyorudi, waambie forodha kabla havijatoka, andika namba ya kila kimoja na upige picha, la sivyo vikirudi utadaiwa ushuru wa vitu vyako mwenyewe.