Kabla hujaenda kuwatazama kereng'ende msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya

Kwanza usidamke sana. Mi mara ya kwanza nilifika bwawani saa kumi na mbili unusu kama mtu wa kutazama ndege, nikakaa kwa umande mpaka suruali ikalowa, kereng'ende hata mmoja, manake hawa ni wa jua bana, wanachangamka kuanzia saa tatu saa nne hivi na wingu likipita tu washajificha nyasini. Msimu pia uangalie, mabwawa mengi ya mle ndani ni ya mvua, ukienda Februari unaweza kukuta tope limekauka likapasuka, ngoja masika yajaze.

Msitu una ndovu, kwa hivo jiandikishe getini na uende na mwongozaji. Gambuti vaa, maji yaliyotuama huku pwani yana kichocho, usiingie peku eti picha itoke poa. Darubini iwe ile inayoona karibu, mita mbili hivi, la sivyo simu yatosha, ila picha piga ubavuni, piga kwa juu, piga uso.

Sasa kwenye kutambua ni aina gani, watu wengi wanakosea kwa kushika rangi, na rangi inadanganya. Dume la kereng'ende aitwaye Crocothemis erythraea likiwa changa ni manjano-manjano tu kama jike lake, likikomaa ndo linawaka kama pilipili. Anza na macho: ni makubwa yamejaa kichwa na mbawa zimetandazwa hata akitua, huyo kereng'ende mwenyewe, lakini macho yakikaa huku na huku kama nyundo na mwili kama njiti, huyo ni ndugu yake mwembamba, na wengi wao wanakunja mbawa mgongoni. Wengi, si wote! Lestes, kundi moja la hao wembamba, na hawa wanapenda sana mabwawa ya msimu, wanaziacha nusu wazi, ndo maana nasema macho kwanza. Kisha andika miguu rangi gani, kile kidoa karibu na ncha ya bawa, na katua wapi.

Mwenye mkanda mweusi mbawani anayekuandama miguuni ni Brachythemis leucosticta, hakutaki wewe, anataka vijidudu unavyovikurupusha ukitembea. Wa dhahabu anayezunguka tu hatui ni Pantala flavescens, msafiri wa kuvuka Bahari ya Hindi huyo, usimalize asubuhi ukimngoja. Cheki gari ulikoegesha juani, utakuta jike la kereng'ende linagonga boneti kwa mkia, linataga, limedhani ni maji.